Springi au mtungi, 4.5 au 5.5: kuchagua bunduki ya upepo ya kuwindia kindi

Kindi wa kijivu aliyekomaa ana uzito wa nusu kilo hivi, na kwa bunduki ya upepo ya nguvu ya kawaida, mahali pa kumwua papo hapo ni ubongo wake, ulio kati ya jicho na sikio. Eneo hilo lina upana wa kama sentimita 2.5. Peleti, kitonge kidogo ambacho bunduki hiyo hukirusha, ikikosea kidogo tu mbele, inavunja taya. Ikishuka hadi tumboni, mnyama anakimbilia shimoni mwake na kufa polepole, mahali ambapo hakuna mtu atakayemfikia. Kwa hiyo ulinganisho wote huu naupima kwa swali moja: kifaa kipi kitakuwezesha wewe, kwa mikono yako na mazoezi uliyo nayo, kuingiza kila peleti ndani ya duara la sentimita 2.5? Kasi iliyoandikwa kwenye boksi na uzuri wa kitako vinafuata baadaye.

Jibu utalipata kwa karatasi. Chora duara hilo, keti au simama kama utakavyofanya msituni, bila meza ya kuegemea, kisha piga peleti kumi. Umbali ambao zote kumi zinaingia ndio mpaka wako, na tisa hazitoshi. Watu wengi wakijipima hivi wanakuta mpaka wao ni mita 20, ilhali walikuwa wakijihesabia 40. Basi wawinde kwa mita 20.

Springi na mtungi

Bunduki ya springi inabeba kila kitu ndani yake. Unakunja mtutu, springi inajikaza, unaweka peleti. Ukivuta kifyatulio, pistoni inakimbia mbele, inaibana hewa, na hewa inaisukuma peleti. Hakuna mtungi wa kujaza wala pampu ya kubeba. Ikikaa kabatini miezi mitatu, siku ukiitoa inapiga vilevile.

Ugumu wake uko kwenye kuishika. Pistoni inapoanza kukimbia, bunduki inarudi nyuma. Pistoni inapogota mwisho, bunduki inaruka mbele. Yote mawili yanatokea kabla peleti haijatoka mtutuni. Ukiibana bunduki sana leo na kuilegeza kesho, peleti zitaangukia mahali pawili tofauti ingawa umelenga palepale. Dawa yake ni kuiacha ijisogeze yenyewe: kiganja cha mbele kiwe wazi na bunduki ikae juu yake bila kukamatwa, kitako kiguse bega bila kukandamizwa, na kiganja kiwe mahali palepale kila mara. Usiilaze moja kwa moja juu ya tawi au jiwe, kwa sababu itadunda na peleti itapanda juu. Ukitaka kuegemea mti, weka mkono kati ya mti na bunduki.

Jambo jingine la usalama ambalo maelezo mengi hulipita haraka: unapoweka peleti kwenye bunduki ya kukunja, mkono mwingine uushike mtutu muda wote. Ndoano ya ndani ikiteleza, mtutu unajifunga ghafla kwa nguvu ya springi nzima, na vidole vyako ndivyo vilivyoko pale. Pia usifyatue bila peleti. Pistoni isipokuta upinzani wa hewa inagonga chuma na kujiharibu.

Kuna ndugu yake, bunduki ya pistoni ya gesi, ambayo badala ya springi ya chuma ina gesi iliyofungiwa. Inatetemeka kidogo kuliko springi, na ikikaa imekokiwa kwa muda haichoki kama chuma kinavyochoka. Ila kuikoki ni kuzito tangu unapoanza kukunja mtutu, na bado inapiga teke. Ihesabu kwenye kundi la springi.

Bunduki ya mtungi, ile yenye herufi PCP kwenye boksi, hubeba hewa iliyoshindiliwa, kwa kawaida kati ya bar 200 na 300. Kila ukifyatua, vali inaachia hewa kidogo. Hakuna pistoni nzito inayokimbia, kwa hiyo bunduki inatulia mkononi. Hata mgeni wa shabaha anaweza kupata matundu yaliyobanana ndani ya mchana mmoja. Nyingi zina magazini, na peleti ya pili ipo tayari kwa kuvuta wenzo mara moja. Hilo la magazini nalithamini sana. Kindi aliyejeruhiwa anahitaji peleti ya pili mara moja, na mwenye springi wakati huo ndiyo kwanza anakunja mtutu na kupapasa mfukoni akitafuta peleti, huku mnyama akijiburuta kwenda kichakani.

Gharama ya utulivu huo iko kwenye hewa yenyewe. Utahitaji pampu ya mkono, au mtungi wa kupigia mbizi, au kompresa. Pampu ya mkono inachosha na inaweza kuingiza unyevu ndani ya bunduki. Mtungi wa mbizi lazima ukaguliwe na kupimwa kwa vipindi vilivyowekwa. Bar 200 si shinikizo la kuchezea: usifungue nati yoyote kabla hewa haijatolewa yote, na usijaze kitu kingine chochote ila hewa safi iliyo kavu. Oksijeni ni marufuku kabisa, kwa sababu ikikutana na mafuta au grisi chini ya shinikizo inalipuka. Mipira ya kuzuia hewa nayo huchakaa, na bunduki uliyoiacha imejaa unaweza kuikuta tupu.

Uliza pia kama ina kidhibiti cha shinikizo. Yenye kidhibiti hutoa kasi ileile kuanzia peleti ya kwanza hadi hewa inapokaribia kuisha. Isiyo nacho hubadilika kadiri mtungi unavyopungua, na peleti za mwisho zinaanza kuanguka chini ya shabaha bila kukuambia. Siyo sababu ya kuikataa, ila jifunze kwenye karatasi ni baada ya peleti ngapi inaanza kushuka, na usiwinde ukishafika hapo.

Ushauri uliozoeleka ni kwamba anayeanza achukue springi kwa kuwa ni nafuu na haina mambo mengi. Mimi siukubali ushauri huo kwa ajili ya kindi. Springi ni rahisi kuimiliki na ngumu kuipiga. Mtungi ni mgumu kuumiliki na rahisi kuupiga. Anayepiga karatasi kila wiki anaweza kuwinda na springi kwa moyo mweupe, na huenda akawa mpigaji bora kuliko wote. Lakini anayeitoa bunduki mara chache kwa mwaka, kindi wanapovamia mazao au kubandua magome ya miti, huyo ndiye anayehitaji mtungi zaidi, kwa sababu hana mazoezi ya kumwokoa. Kama bei ya mtungi pamoja na vifaa vya kujazia iko mbali na uwezo wako na nafasi ya mazoezi huna, mwite mwenye navyo akufanyie kazi hiyo.

Bunduki za kaboni dayoksaidi nitazipitia kwa ufupi kwa sababu sizipendekezi. Shinikizo la gesi hiyo linafuata joto: kwenye nyuzi 20 za Selsiasi ni kama bar 57, kwenye nyuzi 0 linashuka hadi kama bar 35. Ukipiga peleti kadhaa haraka haraka, gesi inajipoza yenyewe na nguvu inapungua zaidi. Asubuhi ya baridi utakuwa na bunduki nyingine kabisa na ile uliyoilinganisha na darubini mchana. Kwa makopo na karatasi ni burudani safi. Kwa mnyama, hapana. Zile za kupampu mara nyingi kwa kila peleti zinaweza kuwa na nguvu ya kutosha, ila peleti ya pili inachukua muda mrefu mno, na kelele ya pampu inamfukuza kila kindi aliye karibu.

4.5 na 5.5

Namba hizi ni upana wa peleti kwa milimita. Hapa ndipo watu hugombana zaidi, na tofauti ni ndogo kuliko kelele zake. Chukua bunduki mbili zenye nguvu sawa, jouli 16 hivi. Peleti ya milimita 4.5 yenye uzito wa kama gramu 0.55 itatoka kwa mita 240 hivi kwa sekunde. Ya milimita 5.5 yenye gramu 1 itatoka kwa mita 175 hivi. Nguvu ni ileile, mwendo ni tofauti.

Faida ya 4.5 ni kunyooka. Ukiwa umerekebisha darubini kwa mita 25 na kindi yuko mita 35, peleti ya 5.5 itafika chini ya shabaha kwa kama sentimita 5, na ya 4.5 karibu nusu ya hapo. Kumbuka ukubwa wa duara letu. Kosa la kukadiria umbali kwa mita kumi linatosha kuipeleka 5.5 nje kabisa, kutoka kwenye ubongo hadi shingoni au begani. Kukadiria umbali kwenda juu ya mti, kupitia majani, ni kugumu hata kwa mzoefu.

Faida ya 5.5 ni pigo. Inatoboa tundu kubwa zaidi, inaacha nguvu nyingi zaidi ndani ya fuvu, na inasamehe kidogo ikiangukia milimita chache pembeni. Mimi nachagua 5.5 kwa anayewinda akiwa ameketi, kwenye umbali alioupima kwa hatua au kwa kipimo cha leza. Nachagua 4.5 kwa anayezunguka msituni na kukutana na kindi kwenye umbali wowote. Ila ukishakuwa na bunduki moja unayoipiga vizuri, usiibadilishe kwa sababu ya kipimo peke yake.

Zipo za 6.35 pia. Hizo zinafaa kwenye bunduki za nguvu kubwa zaidi. Kwa jouli 16 peleti inakwenda kama imerushwa kwa mkono, inapinda mno.

Kuhusu nguvu: jouli 16 zinamtosha kindi hadi mita 30 na zaidi kidogo, mradi ni kichwani. Usivutwe na boksi linalojisifia mita 380 kwa sekunde. Namba hizo kwa kawaida hupatikana kwa peleti nyepesi zisizo za kuwindia, na peleti ikikaribia au kupita kasi ya sauti, kama mita 340 kwa sekunde, inayumba na kupoteza shabaha. Nguvu iliyozidi pia inampita mnyama na kuendelea na safari, na hapo inakuwa tatizo la aliye nyuma yake.

Peleti zenyewe: chukua za kichwa cha mviringo. Zinashika njia vizuri kuliko za kichwa bapa, ambazo ni nzuri kwa karatasi za mita 10, na kuliko zenye ncha kali, ambazo ncha ikipinda tu kidogo boksini zinapotea. Jaribu aina tatu au nne, kwa sababu kila mtutu una inayoupenda. Gololi za chuma usizitumie kamwe kwa kuwinda: hazilengi, na zikigonga mti mgumu au jiwe zinarudi zilikotoka. Kama unakula nyama, fikiria peleti zisizo na madini ya risasi ndani yake, au ukate na kutupa sehemu yote iliyozunguka jeraha, maana madini hayo ni sumu. Nawa mikono baada ya kushika peleti, kabla ya kula chochote.

Kuketi na kunyatia

Kunyatia kuna raha yake, na kunamfundisha mtu msitu. Kwa kindi, hata hivyo, kuketi kunashinda karibu kila mara. Ukiweka chakula cha kuwavutia mahali pamoja, unajua umbali kwa sentimita, umeshachagua kilicho nyuma ya shabaha, na kindi anatulia kula badala ya kurukaruka. Unaweza kumwacha ageuke upande, kichwa kitulie, ndipo uvute. Ukinyatia, mara nyingi unapewa sekunde mbili, mnyama nusu nyuma ya tawi, na kishawishi cha kujaribu bahati. Angalia kwanza kama kuweka chakula kunaruhusiwa unapowindia, kwa sababu kuna mahali ambapo ni kosa.

Uzito wa kuketi uko pia kwenye usalama. Peleti ya bunduki ya upepo inaweza kusafiri mita mia kadhaa ikipigwa angani. Kindi aliye juu ya tawi jembamba, nyuma yake mbingu tupu, haachi alama ya wapi peleti itatua: inaweza kuwa uwanja wa jirani, barabara, jicho la mtoto. Huyo muache apite. Aliyejibana kwenye shina nene, shina likiwa nyuma ya kichwa chake, ni habari nyingine. Bora kuliko wote ni aliye chini, nyuma yake udongo. Vaa miwani ya kukinga macho hata ukiwa peke yako, kwa kuwa shina gumu linaweza kurudisha peleti. Kidole kikae nje ya kifyatulio hadi uwe umeshaamua, na mtutu usielekee kamwe kitu usichotaka kukiua, hata kama una uhakika bunduki ni tupu.

Usipige kiota. Hujui nani yuko ndani, na atakayejeruhiwa atafia humohumo. Fikiria pia majira: kindi wa kijivu huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na watoto hunyonya kwa wiki kama kumi. Jike lenye chuchu zilizovimba lina watoto watakaokufa njaa. Ukiwa na uhuru wa kuchagua wakati, chagua nje ya miezi hiyo.

Baada ya kupiga, usikimbilie kumwokota. Mwendee ukiwa na peleti tayari, mguse jicho kwa kijiti. Jicho likipepesa, mpige tena kichwani hapohapo. Mshike kwa glavu, kwa kuwa viroboto na kupe humwacha mnyama aliyekufa na kutafuta mwingine. Kindi wa mwituni hubeba pia maradhi yasiyoonekana: virusi vya mpox vilipatikana mwaka 1985 kwa kindi mgonjwa huko Zaire.

Kindi yupi, na kwa ruhusa ipi

Nchini Uingereza, ambako bunduki ya upepo hutumika sana kwa kazi hii, kindi wa kijivu ni mgeni aliyeletwa kutoka Amerika ya Kaskazini katika karne ya 19. Anabandua magome ya miti michanga, na anabeba virusi vya ndui ya kindi ambavyo yeye havimdhuru ila vinamwua kindi mwekundu, mwenyeji wa huko. Mwekundu analindwa na sheria ya mwaka 1981. Sasa, rangi peke yake inadanganya: kindi wa kijivu wakati wa kiangazi huwa na wekundu mgongoni na miguuni, na mwekundu naye wakati wa baridi huweza kuwa na ujivujivu. Tazama mwili mdogo wa mwekundu, mkia wa rangi moja usio na ukingo mweupe, na vishungi vya masikioni ambavyo hurefuka majira ya baridi. Ukibaki na shaka hata chembe, shusha bunduki.

Sheria hazifanani. Ndani ya Uingereza yenyewe, England na Wales zinaruhusu bunduki ya upepo ya hadi jouli 16 na kidogo bila cheti cha silaha kwa mtu mzima, lakini Uskoti inadai leseni tangu tarehe 31 Desemba 2016. Ujerumani mpaka wa bila leseni ni jouli 7.5. Marekani kila jimbo lina msimu wake, leseni yake na idadi ya kindi kwa siku. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania kuwinda bila leseni ni kosa. Na kokote, ruhusa ya mwenye ardhi iwe mkononi kabla ya bunduki kutoka kwenye mfuko wake.

Bunduki, mtego, au wavu

Kama tatizo ni kindi mmoja darini, weka bunduki chini. Hakikisha kwanza hakuna watoto ndani, subiri atoke, kisha ziba tundu kwa wavu wa chuma mgumu wenye matundu yasiyozidi sentimita 2.5. Hilo linamaliza kazi, ilhali kumwua mmoja kunaacha mlango wazi kwa anayefuata. Msitu mzima unaobanduliwa magome ndio unaohitaji bunduki, au mitego, au vyote viwili.

Mtego wa kumkamata akiwa hai unafanya kazi usiku na mchana na hauhitaji shabaha. Kinyume chake, unahitaji kukaguliwa angalau mara mbili kila siku bila kukosa, kwa sababu mnyama aliyefungiwa anateseka kwa hofu, kiu na baridi. Unaweza pia kumnasa asiye wako, na hapo uzuri wa mtego unaonekana: unamfungulia akaenda. Peleti haifunguliwi.

Lakini kindi wa kijivu aliyenaswa Uingereza hawezi kuachiliwa tena kisheria, kwa hiyo anayetega lazima awe ameshajua atamwua vipi kabla hajaweka chambo. Kumzamisha majini ni ukatili, na huko ni kosa. Njia inayokubalika ni kumbana taratibu kwenye kona ya mtego hadi atulie, kisha peleti moja ya kichwa kwa karibu, mtego ukiwa juu ya udongo laini na si juu ya sakafu au jiwe. Hapo hata springi ya zamani inatosha, mradi mtutu umeingia kati ya nyaya bila kuzigusa.